Daftari la Kurasa Mbili: Wiki 17 za Kutafuta Kazi na Kupunguza Madeni

Wiki ya 1

Miradi yangu yote ya nyuma ilikuwa ya mbao. Stuli, rafu ya vitabu, kitanda cha mtoto wa dada yangu ambacho mguu mmoja umekataa kukaa sawa mpaka leo. Kila mradi una daftari lake: vipimo, makosa, siku niliyokasirika nikatupa msumeno. Safari hii hakuna mbao. Nimepunguzwa kazini baada ya miaka tisa ya kutunza stoo, nina madeni manne, na akiba niliyonayo haivuki mwezi mmoja na nusu.

Ukurasa wa kushoto ni wa kazi, wa kulia ni wa pesa. Kiasi halisi cha fedha sitakiandika. Jumla ya madeni yote nimeiita 100, na kila deni nimelipangia sehemu yake:

A: mkopo wa benki, 52. Riba yake inavumilika.
B: mkopo wa haraka, 27. Riba asilimia 3 kwa mwezi.
C: pesa ya binamu yangu, 15. Haina riba, ila ina macho.
D: randa ya umeme niliyoichukua kwa mali kauli, 6.

Mistari minne tu, lakini imenichukua siku tatu, kwa sababu bahasha mbili kati ya zile za madeni nilikuwa sijazifungua tangu zifike. Ndani hamkuwa na jipya. Nilichokiogopa nilikuwa nakijua tayari.

Wiki ya 2

Barua za maombi 14. Majibu 0.

Wiki ya 3

Nimekaa na deni B jioni nzima. Asilimia 3 kwa mwezi husikika kama kitu kidogo, na nadhani ndiyo maana hutajwa kwa mwezi. Mtu hupiga 3 mara 12 akapata 36 kwa mwaka, akatulia. Riba ikizaa riba, mwaka unafungwa karibu na asilimia 43. Kuna njia ya mkato ya zamani sana, mtaalamu wa hesabu wa Italia, Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, upate muda ambao deni litajirudufu. 72 kwa 3 ni 24. Maana yake nikilala miezi 24 bila kulipa chochote, nitaamka na B mbili.

Kwa hiyo hesabu inasema kila senti ya ziada iende B. Nami nimeuza randa nikamaliza D.

Najua. Kihesabu nimekosea, na seremala yeyote atanicheka kwa kuuza randa. Lakini mistari minne imekuwa mitatu, na nilihitaji kuona mstari mmoja ukikatwa kwa wino mwekundu kuliko nilivyohitaji kuwa sahihi. Ningekuwa na mshahara ningeanza na B bila kujiuliza mara mbili.

Kitu kimoja nimekifanya sawasawa: watu wa B nimewapigia simu kabla hawajanipigia wao. Nikaeleza hali, nikataja kiasi ninachoweza kulipa kila mwezi, nikaomba makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Marejesho yamepungua na muda umeongezwa. Bure haikuwa: muda ukirefuka, riba ya jumla nayo huongezeka. Lakini rejesho dogo linalolipwa ni bora kwangu kuliko kubwa linalonipiga faini kila mwezi.

Wiki ya 5

Naandika hii kwa kujilazimisha. Wiki ya 4 haipo daftarini kwa sababu hakuna nilichofanya. Naamka saa nne asubuhi, na ikifika saa kumi sijui siku imekwenda wapi.

Katika kusomasoma nimekutana na habari za Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, karibu kijiji kizima kikakosa kazi, na watafiti wakaenda kuangalia maisha yanakuwaje. Marie Jahoda na wenzake walichapisha waliyoyaona mwaka 1933. Mtu angetarajia kwamba wenye muda mwingi watasoma zaidi. Azima za vitabu maktabani zilishuka. Lililonishika zaidi ni hili: watafiti walikaa mahali wakiwa na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walikuwa wamepungua kasi. Hawakuwa na mahali pa kuwahi.

Nikaona kama wamenipima mimi. Kesho yake nikachukua saa, nikatembea kutoka mlangoni mpaka njiapanda, mwendo wangu wa kawaida bila kujikaza. Dakika 14 na sekunde 20. Nilipokuwa kazini njia hiyohiyo ilikuwa dakika kumi na kitu, nakumbuka kwa sababu ya basi.

Kuanzia leo, pembeni mwa ukurasa wa kushoto kuna namba ya tatu: muda wa kwenda njiapanda, kila siku, saa moja asubuhi. Sijui itasaidia nini. Angalau kuna jambo moja lenye saa yake.

Wiki ya 6

Usaili wa kwanza. Nimeuharibu mwenyewe.

Swali lilikuwa jepesi: kwa nini uliondoka kule? Jibu nililolitayarisha lilikuwa sentensi mbili, idara imepunguzwa, nami natafuta mahali pa kutumia uzoefu wangu. Badala yake nilizungumza mpaka koo likanikauka. Nikaeleza nani alibakizwa na kwa nini, nani nilimfundisha kazi halafu akakalia kiti changu. Mama aliyekuwa katikati ya meza aliacha kuandika. Nilimwona akiweka kalamu chini, na bado nikaendelea.

Njiapanda: 15:05. Siku mbaya zaidi mpaka sasa.

Wiki ya 7

Nilikuwa nadharau ushauri wa "andika hisia zako". Ila kuna jaribio lililochapishwa mwaka 1994, la wataalamu waliopunguzwa kazini, ambalo limenifanya ninyamaze. Kundi moja liliambiwa liandike dakika 20 kwa siku, siku tano mfululizo, juu ya kupoteza kazi na uchungu wake wote. Jingine likaandika mambo ya kawaida tu. Miezi iliyofuata, waliouandika uchungu wao walipata kazi haraka zaidi, na wala hawakuwa wametuma barua nyingi kuliko wenzao. James Pennebaker, mmoja wa watafiti hao, amefanya majaribio mengi ya aina hii. Kwa nini ilikuwa hivyo, naweza kukisia: asiyetua mzigo nyumbani huutua mezani kwa msaili. Mimi nimeutua.

Basi nimeandika. Siku tano, dakika 20, kwenye karatasi tofauti na si humu. Siku ya pili nilitukana kurasa mbili. Siku ya nne nikashangaa kuandika kwamba ile kazi yenyewe nilikuwa nimeichoka tangu mwaka wa sita. Siku ya tano nilimaliza la kusema dakika ya 11, zilizobaki nikachora mguu wa kitanda.

Karatasi nimezichana.

Wiki ya 8

Nimebadili ukurasa wa kushoto. Tangu mwanzo safu kubwa iliitwa "majibu", na safu hiyo hawaijazi watu wa nyumba hii. Kila jioni nilikuwa nafungua daftari kusoma jinsi wengine walivyoamua kuhusu mimi. Sasa safu ni tatu, zote ni za kazi ya mikono yangu: barua zilizotumwa, watu niliozungumza nao, na saa nilizojifunza programu ya jedwali, ambayo matangazo karibu yote ya stoo yanaitaka nami nilikuwa naijua nusunusu. Majibu yanaingia nyuma ya daftari, ukurasa wa mwisho, na nautazama Jumamosi tu.

Barua zimeshuka kutoka 14 hadi 5 kwa wiki. Zile 14 zilikuwa barua moja iliyobadilishwa jina la mwajiri, na mara moja jina lenyewe nilisahau kulibadilisha. Sasa nachukua tangazo, napigia mstari mambo matatu wanayoyataka kweli, kisha kila moja nalijibu kwa kitu nilichofanya na namba yake. "Nina uzoefu wa kutunza stoo" nimeifuta. Nimeandika ni aina ngapi za vifaa nilikuwa nazihesabu, mara ngapi kwa mwaka, na tofauti kati ya vitabu na rafu ilishuka kutoka wapi hadi wapi.

Watu huniambia nisikate tamaa, nifikirie mazuri. Wanasema kwa upendo. Lakini kufikiria mazuri sijawahi kukuweza nikiwa nimekaa. Hili la safu tatu naliweza hata siku nisiyo na matumaini yoyote, na nimeona mara kadhaa sasa kwamba yanakuja kwenye safu ya pili au ya tatu, nikiwa katikati ya jambo jingine.

Njiapanda: 12:50.

Wiki ya 10

Mwanasosholojia Mark Granovetter, mwaka 1973, aliandika juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Akawauliza walikuwa wanaonana na mtu huyo mara ngapi. Karibu asilimia 17 tu walisema mara nyingi, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Wengi walisema mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema kwa nadra sana. Ukikaa nayo inaeleweka: rafiki zangu wa karibu wanasikia yaleyale ninayoyasikia. Tangazo lisilonifikia liko kwa mtu nisiyekaa naye.

Nimeorodhesha watu 20 ambao sijazungumza nao mwaka mzima au zaidi. Nimewaandikia watano. Hii ilikuwa ngumu kuliko barua yoyote ya kazi. Kila sentensi ilisikika kwangu kama ya mtu anayekuja kukopa. Mwishowe niliandika kifupi: salamu, kwamba nimepunguzwa, aina ya kazi ninayotafuta, na kwamba kama hakuna lolote basi tusalimiane tu. Watatu wamejibu siku hiyohiyo. Kazi hawakuwa nayo, lakini mmoja amenipigia simu tukacheka nusu saa.

Wiki ya 11

Kibarua cha siku nne, kuhesabu mali ya duka linalofungwa. Malipo yake yamekwenda B.

Wiki ya 12

Nimempigia binamu. Miezi mitano nilikuwa naona jina lake kwenye simu nikaigeuza uso chini. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, namwita dada, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba.

"Pesa sijaiulizia hata siku moja," akasema. "Nilikuwa nakuulizia wewe. Hushiki simu."

Nikakosa neno. Kisha nikamwambia ukweli kuhusu randa, kazi, na yote. Akaniuliza kama bado ninatengeneza makabati, maana lake la jikoni milango imening'inia. Tumekubaliana: mbao zake, kazi yangu, na sehemu 6 za deni zinakatwa. Dawa ya deni ni kulipa, wamesema wahenga, ila hawakusema lazima iwe fedha. Mbao nitazipiga randa ya mkono, itachukua muda mara tatu, na muda ndicho kitu nilicho nacho.

Njiapanda: 11:30, na sikuwa naangalia saa.

Wiki ya 14

Nimekosa ile kazi niliyoitarajia. Saili mbili, ya pili nilijibu vizuri, sababu ya kuondoka niliisema kwa sentensi mbili kamili. Wamechukua mtu wa ndani.

Siku moja nzima sikuandika chochote kwenye safu tatu. Siku ya pili nilitembea tu. 13:10. Siku ya tatu nikamaliza mlango wa kwanza wa kabati.

Wiki ya 17

Wa tano kati ya wale watano, dereva aliyekuwa akileta mizigo kwenye stoo yetu, amejibu wiki saba baadaye. Alikuwa safarini, akasahau, akakumbuka bosi wao alipolalamika kwamba hakuna anayejua ghalani kuna nini. Nimeitwa Jumanne, nimeanza Alhamisi. Mkataba ni wa miezi sita na mshahara uko chini ya ule wa zamani. Kwa hiyo safu tatu zinaendelea, ila barua zimekuwa 2 kwa wiki.

Ukurasa wa kulia: A 51, B 25, C 9, D imekatwa. Jumla 85. Mshahara wa kwanza hauendi B, ijapokuwa mkono unawasha. Kwanza naweka pembeni chakula na pango vya mwezi mmoja, kwa sababu B yenyewe nilikopa usiku mmoja nilipougua nikiwa sina akiba. Baada ya hapo B itapewa kila kinachobaki.

Njiapanda: 10:40. Basi nimelipata.

Jumamosi nakwenda kwa dada yangu kuuangalia ule mguu wa kitanda. Nimefunga patasi, msasa na gundi kwenye mfuko. Mtoto amenitumia ujumbe kwamba nisije mapema, huwa anachelewa kuamka.