Taharuki kwenye slaidi

Mawasilisho mengi ya kazini huanza na historia ya kampuni, yakafuata malengo, kisha jedwali la matokeo. Kufikia slaidi ya nne, nusu ya ukumbi iko kwenye simu. Si kwamba mada ni mbovu. Watu wamepewa jibu la swali ambalo hawajajiuliza. Mtunzi wa riwaya angeanzia pale mambo yalipoharibika.

Tuseme unataka kuonyesha kwamba hesabu ya stoo haiaminiki. Anza hivi: "Ijumaa, saa kumi jioni. Karani ana oda 40 za kutoa kabla ya kufunga. Kompyuta inasema mzigo upo. Anakwenda kwenye rafu: tupu." Hiyo ni nusu dakika tu. Rangi ya shati lake haituhusu. Taja kile utakachokihitaji baadaye, na hapa ni zile oda 40. Ndipo urudi nyuma, mbinu rejeshi ile ile ya darasa la fasihi, ueleze hesabu ilivurugikaje.

Mhusika mkuu awe mmoja, na asiwe kampuni yako. Ukimuunganisha kutoka kwa wateja kadhaa, sema wazi, maana lazima atokee wa kuuliza, "Ni mteja gani huyo?"

Panapoharibiwa zaidi ni kwenye grafu. Msemaji anaiweka nzima, na kichwa cha habari juu yake kimeshamaliza kila kitu: "Makosa yaliongezeka tangu Machi." Gawa slaidi hiyo mara mbili. Ya kwanza ina mihimili na mstari unaoishia Februari, na kichwa chake ni swali. Eleza kila mhimili unapima nini, nyamaza sekunde tatu hivi, kisha fungua ya pili. Kuificha sehemu iliyobaki, nakili slaidi na ufunike kwa mstatili mweupe. Vikorombwezo vya kusogeza picha hupotea faili likigeuzwa PDF.

Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipozindua iPhone Januari 2007 alitangaza vifaa vitatu: iPod ya kusikilizia muziki, simu na kifaa cha intaneti. Akarudia majina hayo mpaka ukumbi ukang'amua wenyewe kwamba ni kifaa kimoja. Kung'amua huko ndiko kulikopigiwa makofi.

Mbele ya wakurugenzi wenye dakika kumi, hata hivyo, ombi la fedha halifichwi. Litaje katika sentensi ya kwanza, na taharuki ihamie kwenye "kwa nini". Ukilihifadhi kwa ajili ya kilele, mwenyekiti atafunga kikao kabla hujafika, na kwa kweli hatakuwa na kosa.

Makabrasha nayo yagawe ukishamaliza. Ukiyatoa mwanzoni, watu watafunua ukurasa wa mwisho ungali unamwelezea karani.