Mzee na wembe wa mpini

Wiki ya tatu sasa nanyoa ndevu kwa wembe wa mpini hapa saluni kwangu, Majengo. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kigogo. "Mbukwenyi," akatusalimu, kisha akaukodolea macho ule wembe. "Mjukuu wangu, huo si wa kuchinjia?" Saluni nzima ikacheka. Mikono yangu ikatetemeka kabisa, sitaki kudanganya.

Nikafungua wembe mpya mbele yake, nikaupachika kwenye mpini. Kwangu wembe ni mtu mmoja tu, halafu unatupwa. Homa ya ini haina utani. Taulo la moto dakika tatu, povu kwa brashi, ngozi naivuta kwa kidole gumba, wembe naulaza kama nyuzi 30 hivi na kufuata ndevu zinakoelekea. Nywele zetu hizi za kujikunja, ukizikata kinyume, keshokutwa kidevu chote vipele. Inakula nusu saa, kwa shilingi 5,000! Kwa mashine ningeshamaliza vichwa viwili. Jirani wa fremu ya pili ananiona chizi.

Mzee alijipapasa shavu, kimya, akalipa, akaondoka. Jana karudi. Kaja na shemeji yake.