Kutazama miale ya gama ukiwa Bukavu

Mwale wa gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kupita eksirei, ukitoka kwenye nyota haufiki mitaa yetu ya Kadutu na Ibanda, wala kilele cha mlima wowote. Hewa huumaliza juu kabisa. Ndiyo maana darubini ya Fermi ya NASA ilirushwa Juni 2008, nayo inaizunguka dunia zaidi ya kilomita 500 juu yetu.

Haina kioo, kwa sababu gama hupenya kioo. Ina minara 16 yenye mabati membamba ya tangsteni, chuma kinachotoka kwenye wolframaiti, jiwe ambalo wachimbaji wetu wa Kivu wanalijua kwa uzito wake mkononi. Uzito huo ndio unaotakiwa: gama ikigonga kiini kizito cha atomu hugeuka chembe mbili zenye chaji, elektroni na pozitroni. Silikoni iliyo kati ya mabati huandika njia zao, na fuwele za chini hupima nishati. Vigae 89 vya plastiki vimeufunika mtambo wote. Chembe yenye chaji ikivipita, vinamulika, na tukio hilo linatupwa. Kutupa ndiyo kazi kubwa, maana chembe hizo ni nyingi kupita gama kwa mbali sana.

Data ni bure, na programu zake, Fermitools, ni bure pia. Anza na pulsa ya Vela, mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kung'aa mno kwa gama. Mahali pake angani ni RA 128.84, Dec −45.18; chukua duara la nusu kipenyo nyuzi 15, nishati ya MeV 100 hadi 300,000 (MeV ni kipimo cha nishati), data ya miezi sita. Omba faili la fotoni (miale yenyewe) na faili la chombo (darubini ilikuwa wapi na ilielekea wapi), yote mawili. Pakua usiku kama mega zako ni za usiku.

Kwenye gtselect, programu ya Fermitools inayochuja fotoni, andika evclass=128 na evtype=3 (aina ya matukio ya kubakiza), na zmax=90 (pembe ya mwisho kutoka utosi wa chombo). Hiyo 90 usiiguse. Angahewa yetu yenyewe inatoa gama ikipigwa na chembe za anga, na ukingo wake uko kama nyuzi 113 kutoka utosi wa chombo. Kwenye MeV 100 darubini hukosea mwelekeo kwa nyuzi kama 5, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo usipoacha nafasi, mwanga wa dunia utauhesabu kuwa wa nyota. Kisha gtmktime, inayochagua nyakati nzuri za data, ubakize DATA_QUAL>0 na LAT_CONFIG==1.

Gtltcube, inayohesabu darubini ilitazama kila sehemu ya anga kwa muda gani, ndiyo inayotesa watu wa huku. Ni ya polepole, na umeme ukikatika katikati unarudi mwanzo. Ifanye mwezi mmoja mmoja, halafu unganisha vipande kwa gtltsum. Ukipoteza, unapoteza mwezi mmoja tu.

Kosa lingine halitoi onyo lolote. Ulichopakua ni duara, lakini gtbin, inayopanga fotoni kwenye ramani, inachora mraba. Mraba unaoingia ndani ya duara la nyuzi 15 una upande wa nyuzi 21, yaani pikseli 105 za nyuzi 0.2. Ukizidisha, pembe zinabaki tupu, na gtlike, inayokadiria mwanga wa kila chanzo, inaamini kwamba anga ya pale haina kitu.