Karavani za kale za Birmingham, na jicho nililopewa na babu

Watu wa nyumbani wakinipigia simu Jumamosi na kuuliza niko wapi, nawaambia niko kwenye karavani, nakwangua rangi. Simu inakaa kimya kidogo. Kwa mtu wa Bagamoyo neno hilo lina maana yake: jengo la Caravan Serai lipo mjini pale pale, na shuleni tulifundishwa habari za misafara ya wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu begani. Huku Uingereza neno ni lile lile, kitu ni kingine. Ni nyumba ndogo, mara nyingi ya magurudumu mawili, inayofungwa nyuma ya gari. Watu wanakwenda nayo likizo, wanapika humo, wanalala humo.

Hizi za kisasa, nyeupe, za plastiki, hazinigusi. Zinazonigusa ni zilizotengenezwa kati ya vita kuu mbili, 1919 hadi 1939. Sikuja nchi hii nikijua kama zipo. Nakaa Stirchley, kusini mwa Birmingham, na kwa muda mrefu nilikuwa napita Hazelwell Lane kwenda kazini bila kujua kwamba mtaa huo ulikuwa na kiwanda cha karavani cha Eccles. Walioifanya Eccles kuwa kampuni ya karavani walikuwa Riley baba na Riley mwana. Mwaka 1919, vita vya kwanza vimetoka kwisha, wakaanza kutengeneza karavani za kukokotwa na gari hapa Birmingham, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakahamia Stirchley kwenye kiwanda kilichojengwa kwa kazi hiyo tu.

Kabla yao nyumba za namna hii zilivutwa na farasi. Ile inayotajwa sana iliitwa Wanderer. Ilijengwa Bristol mwaka 1885 kwa ajili ya daktari mmoja, Gordon Stables, aliyekuwa amevutiwa na maisha ya Waroma, wale wanaoitwa Jipsi, na magari yao ya kulala. Farasi ana nguvu, hajali kibanda kizito. Gari la miaka ya 1920 lilijali. Austin Seven, iliyotoka mwaka 1922 hapo Longbridge, si mbali na kwangu, ilikuwa kigari kidogo mno. Ukitaka ikuvutie nyumba, nyumba yenyewe lazima iwe nyepesi, na wepesi huo ndio uliowafanya mafundi waumize vichwa.

Nilikutana nazo kupitia mzee mmoja, jirani yangu, seremala mstaafu. Aliniona nikirudi kazini na nguo zimejaa vumbi la mbao, akaniomba nimsaidie kunyanyua mlango. Mlango ulikuwa wa karavani, ndani ya banda nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai. Aliponifungulia nilisimama tu. Harufu ya vanishi ya zamani na mafuta ya taa. Kabati la nguo lenye kioo cha vipande vya rangi vilivyoshikwa na madini ya risasi, kama dirisha la kanisa lakini dogo la kiganja. Kochi linalovutwa likawa kitanda cha watu wawili. Nikainama kutazama kona ya fremu ya mlango, ulimi wa ubao ulivyoingia kwenye tundu lake. Nikapitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha haukukwama.

Kazini kwangu natengeneza makabati ya jikoni kwa chipbodi, gundi na skrubu, kabati kumi kwa siku. Si kazi mbaya, inanilisha na inasomesha wadogo zangu. Lakini babu yangu alikuwa fundi mashua, na mimi nilikulia ufukweni nikimshikia kamba ya keke anapotoboa mbao. Najua taruma, ubavu wa mashua, linavyochaguliwa kutoka kwenye mti uliopinda wenyewe. Najua pamba inavyogongwa kwenye mianya wakati wa kutia kalafati. Karavani ile ilikuwa kazi ya watu wa namna ile. Mbavu zake ni za mti uitwao ash, juu yake plaiwudi nyembamba, na paa ni mbao zilizovikwa turubai na kupakwa rangi nzito tabaka juu ya tabaka maji yasipite. Siku ile nilichelewa kurudi nyumbani, chakula kikapoa.

Tangu hapo mzee amenifundisha kuzitambua. Macho huanzia kwenye paa. Nyingi za miaka ya 1920 na za mwanzo wa 1930 katikati ya paa pameinuka kibanda kirefu chenye vidirisha pembeni, mfano wa mabehewa ya zamani ya treni. Kinaingiza mwanga na kutoa hewa, na kinamwezesha mtu mrefu kusimama pale katikati huku kuta za pembeni zikibaki fupi. Ila usikitegemee peke yake, maana wapo mafundi walioking'ang'ania hata baada ya vita. Kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga, mbele na nyuma zikaanza kuviringwa ili upepo upite. Aliyetangulia katika hilo alikuwa Fleming-Williams na karavani zake za Car Cruiser. Alizichora kwa kufikiria upepo wakati wengine bado wanajenga vibanda vya mraba. Na mtu akikwambia ana Winchester, nenda kaione hata kama ni mbali. Zilitengenezwa na Bertram Hutchings, aliyeanza na karavani za farasi kabla ya vita vya kwanza, na milango ya makabati yake inafungwa kwa sauti laini ambayo mpaka leo sijaisikia kwenye kabati jingine.

Kisha unaingia ndani kutafuta moto na taa. Gesi ya mitungi ya Calor ilianza kuuzwa nchi hii mwaka 1935. Kabla ya hapo watu walipikia mafuta ya taa na kuwasha taa za utambi. Kwa hiyo ukikuta bomba la gesi, tazama linapotoboa ubao. Kama tundu lina kingo safi na vanishi imeingia mpaka ndani ya tundu, huenda bomba lilizaliwa na karavani. Kama mbao imechanika na rangi ya ndani ni mpya, bomba lilikuja baadaye. Ndoano ya kutundikia taa, au doa la moshi darini juu yake, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Skrubu nazo zinasema. Kichwa chenye mfuo mmoja ndicho cha zama hizo. Kile chenye msalaba kilianza kutumika viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930, na huku kilienea baada ya vita vya pili. Ukikikuta kwenye bawaba moja, bawaba ilibadilishwa. Ukikikuta kila mahali, hasa kimeshika mabati ya aluminiamu, anza kujiuliza.

Hilo la skrubu nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine. Rafiki yangu wa Tanga, anayeishi Coventry, alitaka karavani ya zamani ya kuuzia chai na mandazi kwenye masoko ya wikendi. Akaona tangazo, "ya 1934", akanitumia picha. Nyuma ilikuwa na namba ya gari ya zamani, herufi nyeupe kwenye kibao cheusi, na namba hiyo kweli ilikuwa ya miaka ya thelathini. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni yenyewe, chukua." Akachukua. Mzee alipoizunguka hakumaliza dakika tano: aluminiamu, skrubu za msalaba, ni ya baada ya vita. Huku karavani haisajiliwi kwa namba yake. Inabeba namba ya gari linaloivuta, na kibao chochote kinaweza kupigiliwa pale. Cha kutafuta ni kibati cha mtengenezaji na namba iliyogongwa kwenye chesisi. Muuzaji hakurudisha hela. Rafiki yangu hakunilaumu hata mara moja, na chai anauza, lakini alilipa bei ya kitu cha zamani kwa neno langu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Nimemtengenezea kaunta na rafu zote bila malipo.

Zilizobaki ni chache. Vita vilipoanza viwanda viligeukia kazi za jeshi, na familia zilizobomolewa nyumba na mabomu zikaishi humo mwaka hadi mwaka, mpaka mbao zikachoka. Nyingine zinauawa leo na wapenzi wake wenyewe. Mtu anainunua, anang'oa kila kitu, anapaka rangi ya pinki, anatia silikoni kwenye kila mwanya. Silikoni inafungia unyevu ndani, na ash ikilowa bila kupumua inaoza kimyakimya nyuma ya plaiwudi. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kona za madirisha. Ndipo maji yanapoanzia. Pakibonyea kama mkate, ubavu umekwenda. Mimi na mzee tunakata sehemu iliyooza tu, tunaunga kipande kipya cha mti ule ule, na vanishi ya zamani tunaisafisha bila kuikwangua yote. Rangi ya nje, iliyopakwa ovyo miaka ya karibuni, hiyo ndiyo ninayokwangua kila Jumamosi.

Mwezi uliopita tulifungua ubao wa ukuta chini ya dirisha la mbele. Kwenye ubavu, kwa penseli ya seremala, palikuwa na mshale na tarakimu, alama ya fundi ya kujua kipande kipi kinakaa wapi. Penseli ilikuwa bado inang'aa. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba Bagamoyo, maana yeye ndiye aliyerithi vifaa vya babu.

Akanirudishia sauti. "Mwanangu, huyo fundi hakuwa na haraka. Mbao gani hiyo?"

Nikamweleza, maana sina jina lake kwa Kiswahili: nyeupe, nyuzi ndefu, inapinda bila kuvunjika, huku wanatengenezea mipini ya nyundo.

"Shikamoo yangu umpe huyo mzee wako," akasema. "Halafu nitumie kipande, nikijaribu kwa patasi."

Nimeshakata, urefu wa shubiri moja, nimekipiga randa pande zote. Shangazi wa rafiki yangu anaondoka Alhamisi, kipo ndani ya begi lake, kimeviringishwa kwenye kitenge.