Kengele za tarehe 16 Machi

Treni ilipita Würzburg, Ujerumani, nikiwa usingizini. Sikuwa nimefumba jicho tangu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na joto la behewani lilinilaza kama mtoto mchanga. Nilipozinduka, kondakta alinionyesha kwenye tiketi jina la mji niliotakiwa kushuka, kisha akaonyesha kwa kidole tulikotoka. Kituo kilichofuata kilikuwa Nürnberg, karibu saa nzima mbele. Ilikuwa usiku, Novemba 2022, nina mabegi mawili na simu yenye laini ya Tanzania isiyoshika mtandao wowote.

Kilichoniumiza Nürnberg ni choo kuliko baridi. Geti la choo cha stesheni lilitaka sarafu ya euro moja, nami nilikuwa na noti moja tu ya euro 50. Ikabidi ninunue maji ili nipate chenji, chupa ndogo karibu euro tatu. Yaani euro nne, hela ya kula siku mbili kwa mama ntilie, ili mtu ajisaidie! Stendi ya Nyegezi kwetu Mwanza shida hiyo inaisha kwa mia mbili. Baadaye nilijua kwamba hata ile chupa tupu ina senti 25 zake ukiirudisha dukani, na mwaka mzima sikutupa tena chupa. Treni ya kurudi alikuwemo kondakta mama mtu mzima. Aliisoma tiketi yangu iliyokwisha kazi, akanitazama usoni, akaandika kitu nyuma yake kwa kalamu, akapita. Hakunitoza kitu. Mpaka leo namwombea.

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, kwa hiyo jina hilo nilikua nalo kabla sijajua liko wapi kwenye ramani. Serikali ya Ujerumani ina mpango wa kujitolea uitwao weltwärts. Ulianza 2008 kwa kuwapeleka vijana wao kwenye nchi kama zetu, na tangu 2013 sisi nasi, wa miaka 18 hadi 28, tunaweza kwenda kwao. Nauli, bima na chumba vinalipiwa, na posho kidogo unapewa. Mshahara hakuna.

Nilipomweleza baba, aliuliza swali moja. "Kujitolea? Kwani pale hospitali ya Sekou Toure hawataki watu wa kujitolea?" Sikuwa na jibu. Kwetu wa kujitolea ni yule mwalimu au nesi aliyemaliza chuo, anayeamka kila siku kwenda kazini bila mshahara huku akisubiri ajira zitangazwe. Mimi nilikuwa na diploma ya ustawi wa jamii na miaka miwili ya kungoja. "Ungojee huko, ungojee hapa," akasema baba, "tofauti ni baridi tu." Ila aliniruhusu.

Viza ilinipeleka Dar mara mbili kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na gesti juu yake. Wenzangu walianza kazi Septemba, mimi nikachelewa miezi miwili. Hapa nitasema linalonikera. Nimewafahamu vijana wengi wa Kijerumani waliokuja kujitolea Mwanza, na sijamsikia hata mmoja akisema alitakiwa athibitishe kwamba atarudi kwao. Mimi niliulizwa mara tatu.

Kituo changu kilikuwa nyumba ya kulea wazee. Miezi ya mwanzo sina mengi ya kueleza: kutandika, kulisha, kusukuma viti vya magurudumu, kupeleka mashuka machafu kwenye chumba cha kufulia chini ya ardhi, kulala. Jua linazama saa kumi na nusu jioni. Ukimsalimia mtu barabarani anashtuka.

Salamu ndiyo iliyonisumbua kuliko Kijerumani chenyewe. Asubuhi ya kwanza niliingia chumba namba 14, nikapiga goti kumwamkia bibi wa humo kama nilivyolelewa. Alipiga kelele akidhani nimeanguka. Nikajaribu kumwita bibi kwa lugha yao, msimamizi akaniweka pembeni. Mkazi huitwa kwa jina la ukoo, akasema, bibi ni wa wajukuu wake, na kumwita hivyo ni kumshushia heshima. Nilitii. Lakini kila nilipomwogesha mtu mwenye miaka 85 nikimwita kwa jina la ukoo kama karani wa benki, nilijisikia mtovu wa adabu.

Bibi wa namba 14 alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Mwanawe aliishi Hamburg, na katika miezi yote ile nilimwona mara moja, wakati wa Krismasi. Siku nyingine bibi aliniita kwa jina la dada yake, siku nyingine hakuniita kabisa.

Tarehe 16 Machi zamu yangu iliisha kabla ya saa tatu usiku. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo, na nilishazoea kupita namba 14 kumtakia usiku mwema kabla sijapanda. Nilimkuta amelala. Nimeshika kitasa nitoke, kengele ya kanisa ikalia. Ikaitikiwa na nyingine ng'ambo ya mto, na nyingine, na nyingine, mpaka mji mzima ukawa unalia, na hazikukoma. Nikadhani moto. Nikachungulia dirishani, barabara imetulia.

Nilipogeuka, bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akitafuta viatu. Mtu ambaye asubuhi tulimwinua wawili, ameketi mwenyewe! Kati ya maneno yaliyomtoka nilielewa moja tu, maana nililitumia kila siku nikibeba mashuka: chumba cha chini.

Mafunzo yalisema mrudishe kitandani, ongea naye taratibu, bonyeza kitufe cha kumwita nesi. Sikubonyeza. Nilipiga magoti, na safari hii hakushtuka. Nikamvisha soksi za sufu, miguu ya baridi, kucha ngumu kama pembe. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa na fundo lisilofunguka, naye akinigongagonga mabegani kwa viganja, haraka, haraka. Nikamvika koti juu ya gauni la kulalia, nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, tukaingia lifti.

Kule chini mashine za kukaushia nguo zilikuwa bado na joto. Nikamsogeza, akaegemeza kiganja kwenye mlango wa mojawapo. Kengele zilisikika kwa mbali, kama zimefunikwa blanketi. Alianza kuhesabu watu kwa vidole, jina baada ya jina, akakwama kwenye jina moja, akarudi mwanzo. Akakwama palepale. Kijerumani changu kilikuwa kimeniishia. Nikamshika mkono nikamwambia kwa Kiswahili, "Bibi, tupo wote." Nikarudia hivyo hivyo mpaka kengele zikanyamaza.

Tulipopanda, nesi wa usiku alikuwa amezunguka ghorofa zote akimtafuta, simu mkononi, tayari kuwaita polisi. Asubuhi nilipewa onyo la maandishi: nimemtoa mkazi chumbani nikiwa nje ya zamu, bila taarifa. Walikuwa na haki, kwa maana angeweza kuanguka na nesi yule ndiye angejibu. Nilisaini. Na usiku ule ukirudi, nitamvisha viatu vilevile, ila kwanza nimwambie nesi.

Ni nesi huyohuyo aliyenieleza kuhusu kengele. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945, ndege za Uingereza zipatazo 225 ziliupiga mji huo mabomu kwa dakika kama 20. Moto uliteketeza karibu mji wote wa kale, na watu kama 5,000 walikufa. Kila mwaka, saa ileile, makanisa hupiga kengele kwa muda uleule. Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba. Nesi akaongeza kwamba wengi walifia kwenye vyumba vya chini kwa kukosa hewa. Niliposikia hivyo miguu iliniisha nguvu, nikakumbuka jina alilokuwa akikwama.

Nyumbani niliwapigia kila Jumapili. Ndugu waliamini Ulaya ni Ulaya tu, mizinga haikuisha: mmoja simu, mwingine mtaji wa bodaboda. Bibi yangu wa Misungwi, aliyenilea, hakuomba kitu. Miguu yake ilikuwa imeanza kugoma, na aliyekuwa akimchotea maji ya kuoga ni binti wa jirani. Nilimsimulia habari za mwenzake wa namba 14. Akauliza, "Huyo unayemwogesha, wanawe wako wapi?" Nikamwambia yuko mmoja, mji wa mbali. Kimya. Kisha akasema, "Haya, mwogeshe vizuri, mjukuu wangu." Usiku huo sikulala.

Bibi wa namba 14 alifariki Agosti. Waliweka mshumaa mlangoni, na baada ya siku chache jina lake likabanduliwa na chumba kikapata mtu mwingine.

Nilirudi Novemba, mwaka ukiwa umetimia. Bado nangoja ajira. Wiki ya pili nilikwenda Misungwi, nikachemsha maji, nikaloweka miguu ya bibi kwenye beseni kabla ya kumkata kucha, kama nilivyofundishwa kule, maana kavu hazikatiki. Alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza yule mwenzake alipofariki, nani alimwosha.

"Mimi na nesi mmoja," nikasema.

Akautoa mguu kwenye maji, akanipa wa pili.