Seva Ilinyamaza, Jaribio Likasema Sawa

Nilikuwa sijatimiza mwaka kazini nilipopewa kuandika majaribio ya seva yetu ya ripoti. Niliiona kazi nyepesi: tuma ombi, soma jibu kwenye soketi (mlango wa programu kwenda mtandaoni), lilinganishe na jibu linalotarajiwa lililohifadhiwa kwenye faili. Kwa siku mbili nikamaliza majaribio kumi na mawili, yote kijani, yaani yamefaulu, nikawa natembea kifua mbele.

Wateja walikuwa na yao. Ripoti ndefu, walisema, zinafika zimekatwa mkia. Nikawajibu, kwa ujasiri unaonitia aibu hadi leo, kwamba seva imejaribiwa na ni nzima, wakague mtandao wao.

Dada mmoja aliyetutangulia sote pale kazini akavuta kiti kando yangu. Msimbo wangu hakutaka hata kuuona. "Hebu iharibu seva makusudi," akasema, "tuone kama jaribio lako litapiga kelele." Nikabadilisha herufi moja mwishoni mwa jibu. Kijani. Nikafuta aya nzima ya mwisho. Kijani. "Sasa ipokee muunganisho, iufunge bila kutuma kitu." Kijani vilevile! Masikio yakaniwaka moto.

Nilikuwa nimeita recv, amri ya kupokea data kutoka kwenye soketi, mara moja tu, nikachukua idadi ya baiti ilizoleta, nikaiagiza memcmp, amri ya kulinganisha baiti, ilinganishe kiasi hichohicho. Zikija sifuri, inalinganisha sifuri na kusema vinafanana. Sina cha kuilaumu. Mjinga alikuwa aliyeuliza.

Tukachapisha ile idadi kwenye skrini: 1448. Jibu kamili lilikuwa na baiti 2300, kwa hiyo 852 za mwisho hazikuwahi kutazamwa na mtu. Dada akachukua kalamu: pakiti (kifurushi cha data) ya Etheneti, mtandao wa waya, hubeba baiti 1500, toa 20 za kichwa cha IP, kanuni ya anwani, 20 za TCP, kanuni ya kusafirisha data, 12 za mihuri ya wakati. Inabaki 1448. TCP ni mtiririko, haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala unaishia wapi; ulichotuma kwa mkupuo mmoja kinaweza kufika vipande vipande. Lakini nilipoyaandika majaribio nilikuwa nikiyaendesha ndani ya mashine yangu mwenyewe, kupitia 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, na huko Linux huruhusu pakiti ya hadi baiti 65536, ndiyo maana jibu lilikuwa likija zima nami sikushtuka.

Nikaandika upya. Soma, rudia kusoma, mpaka muunganisho ufungwe au muda uishe. Linganisha urefu kwanza, kisha maudhui. Na pakiwa na tofauti, taja baiti ya kwanza iliyopotoka ni ya ngapi. (Hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi kuliko mengine yote.) Halafu tukaomba ripoti ya megabaiti tano, huku programu yetu ya kusoma ikisinzia kidogo kila baada ya kusoma.

Nyekundu, yaani limefeli, tangu mara ya kwanza. Mwanzo wote ulilingana, mkia haukuwepo. Tulipofungua msimbo wa seva tukakuta send, amri ya kutuma data, imeitwa mara moja, na aliyeiandika hakuangalia mfumo umepokea baiti ngapi kati ya alizoupa. Kosa langu lilelile, upande wa pili wa waya. Dada akacheka mpaka akajifuta machozi.

Marekebisho ya seva yalikuwa mistari sita. Barua ya kuwaomba radhi wateja ilinichukua alasiri nzima.