Kuchagua cherehani ya mkono mrefu ya kushonea mifarishi nyumbani

Anayeshona mifarishi hufika mahali ambapo kuunganisha vipande vya uso si kazi ngumu tena, lakini kushikamanisha tabaka tatu, yaani uso, pamba ya kujazia na kitambaa cha nyuma, kunamchosha mabega. Kwenye cherehani ya kawaida, nafasi iliyopo kati ya sindano na shina la mashine huwa kama inchi 6 hadi 11, na humo ndimo unapolazimika kuupitisha mfarishi wa kitanda kizima ukiwa umekunjwa. Cherehani ya mkono mrefu huongeza nafasi hiyo hadi inchi 16, 20, 24 na hata zaidi, na ile ya fremu hugeuza kabisa utaratibu wa kazi, kwa kuwa mfarishi hutulia juu ya rola nayo mashine ndiyo inayotembea juu ya reli, ikiongozwa kwa vishikio.

Inchi hizo ndizo zinazotangazwa kwanza, na ndizo ninazoshauri zisomwe kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Kila sehemu iliyokwisha kushonwa huviringishwa kwenye rola inayokaa ndani ya mkono wa mashine, kwa hiyo kadiri kazi inavyosonga mbele, ndivyo rola inavyonenepa na nafasi ya kushonea inavyopungua. Chukua mashine ya inchi 16 na mfarishi wenye pamba nene: rola ikifikia unene wa inchi 5, kisha ukatoa nafasi ya mguu wa cherehani mbele na nyuma, hutabakiwa hata na inchi 10. Mraba wa inchi 12 uliokusudia kuupamba kwa ua moja kubwa hautaingia wote. Utashona nusu, usogeze kitambaa, kisha utafute mahali mistari ilipoishia ili uiendeleze, na mahali hapo pa kuungia huonekana hata kwa asiye fundi. Ndiyo maana swali la kumwuliza muuzaji ni mashine inabakiza nafasi gani mfarishi unapokaribia kwisha, na njia nzuri ya kupata jibu ni kuiona ikiwa imefungwa mfarishi mkubwa. Anayeshona mifarishi ya watoto pekee hahitaji kuhangaika na jambo hili, kwa kuwa rola yake haitanenepa kiasi hicho.

Chumba nacho kina sauti yake. Fremu ya futi 12 ina urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, na kila upande wake unahitaji njia ya kupita. Wengi huipima sakafu wakidhani fremu itaegemezwa ukutani, ilhali anayefuata mchoro uliochapishwa kwenye karatasi kwa kutumia mwanga wa leza husimama nyuma ya mashine, si mbele, na bila nafasi ya kusimama huko mchoro huo haufuatiki. Kumbuka pia kwamba kitambaa cha nyuma kinapaswa kuuzidi uso kwa takriban inchi 4 kila upande, ili vibanio vipate pa kushika. Mfarishi wenye upana wa inchi 100 unadai basi inchi 108 za fremu inayotumika kweli, mbali na nafasi ambayo mashine yenyewe inaihitaji ukingoni.

Kama chumba hakiruhusu, kuna mashine ya kukalia, yenye mkono mrefu uleule lakini imewekwa mezani, nawe ndiye unayesukuma mfarishi. Naiheshimu sana kwa kazi ndogondogo zinazofuata rula, ila ieleweke kwamba tabaka zitahitaji kubanwa kwanza kwa pini au gundi ya kupuliza, na meza iwe pana, kwa sababu mfarishi unaoning'inia huuvuta mkono na kupotosha mstari.

Kwa mashine ya fremu, kidhibiti mshono nakiona kuwa cha lazima kwa anayeanza. Sensa zilizo kwenye magurudumu hupima mwendo wa mkono wako na kuiamuru sindano iende nao, hivyo mishono, ambayo kwa kawaida huwekwa 10 hadi 12 kwa inchi, hulingana hata ukipunguza kasi kwenye kona. Bila kidhibiti, sindano hupiga kwa kasi ileile wakati wote. Mkono ukizubaa kwenye kona mishono hujazana, na ukikimbia kwenye mstari mnyoofu hurefuka. Ukienda kujaribu, shona pembe kali zenye ncha, simama ghafla, geuka, uendelee. Kisha pindua kitambaa uutazame upande wa chini mahali mstari unapopinda: uzi wa chini ukiwa umelala umenyooka huku nyuzi za juu zikichomoza kando yake kama kope, mkazo wa nyuzi hauko sawa, na muuzaji akuoneshe jinsi ya kuurekebisha mbele yako. Nenda na uzi wako na pamba yako, kwani mashine iliyotegwa vizuri kwa uzi wa dukani inaweza kukataa ule unaoupenda.

Kuhusu bobini, yaani vigurudumu vidogo vinavyobeba uzi wa chini, zile za aina ya M hubeba uzi karibu maradufu ya zile za L, na tofauti hiyo huhisiwa kwenye mfarishi mkubwa. Kompyuta inayoiongoza mashine ishone michoro bila kushikwa inaweza kusubiri, mradi mashine iwe inakubali kuongezewa baadaye.

Ukinunua iliyotumika, sukuma mashine kwa kidole kimoja kutoka mwisho hadi mwisho wa reli. Ikikwama mahali, reli zimeharibika au magurudumu yamelika. Ulizia vipuri kama bado vinatengenezwa, volti zinazohitajika, na fundi atakayeihudumia. Kabla ya kulipa, simama kwenye fremu viwiko vikiwa vimekunjwa kama utakavyofanya kazi, ushone mfululizo kwa muda wa kutosha, na kama mabega yanapanda, omba fremu ishushwe au vishikio vigeuzwe. Mashine isiyoruhusu marekebisho hayo mimi singeinunua.